Masurufu ya Oni

Jumamosi, tarehe 1 Desemba 2018. Asubuhi jua lilikuwa kali na hapakuwa na upepo wa kutikisa hata jani la mgomba. Mchana mawingu yakajikusanya upande wa kusini, juu ya mlima, na alasiri mvua ikashuka Kaliwuni, mji wa chumvi wa pwani, kwa kishindo hata walioanika chumvi wakakimbia na kuacha majembe yao mabwawani.

Pak Darmuji hakuwa uwanjani. Hakuwa mtu wa uwanjani tangu ujana wake. Lakini nyumba yake iko nyuma ya jukwaa la magharibi, na kwa misimu mitatu alikuwa ameujua mpira kwa masikio tu. Ngoma ya shabiki Kuncoro ikienda mbio, Persikaw, timu ya mji, wanashambulia. Ikisita, wamenyang'anywa. Watu wakipiga ukelele mmoja mrefu usiokwisha, basi Oni, mchezaji anayekaa kwake, amefunga, na hapo Pak Darmuji huinuka kitini akaongeza mchele kwenye sufuria, maana Oni akifunga hula kama watu wawili.

Siku ile timu ya mji ilihitaji sare tu ili ibaki daraja la pili. Pak Darmuji aliketi jikoni, mikono mapajani, akisikiliza. Mechi ilikuwa ukingoni na ngoma ilikuwa bado inalia juu ya mvua. Kisha ikakatika, katikati ya pigo, kana kwamba mtu amemshika mpigaji mkono. Hakuna aliyepiga kelele. Ilibaki mvua peke yake kwenye vigae. Akajua timu imeshuka.

Oni aliingia kupitia mlango wa jikoni, njumu mkononi, matope hadi magotini. Jina lake kamili ni Otniel, mtu wa Serui, huko Papua, mshambuliaji aliyefunga zaidi ya nusu ya mabao yote ya Persikaw msimu ule. Alisimama pale mlangoni akichuruzika maji.

"Tumeshuka, Baba," alisema.

"Nimesikia," alijibu Pak Darmuji. Akampa taulo. Alitaka kusema neno jingine, neno la kumpoza, akalitafuta, na alipokuwa bado analitafuta Oni alikwisha kwenda kuoga.

Hivyo ndivyo alivyokuwa Pak Darmuji. Alizaliwa Kaliwuni, akasoma Kaliwuni, akafanya kazi ya ukarani katika ghala la chumvi la Kaliwuni hadi alipostaafu. Katika maisha yake hakuna mtu aliyepata kumsikia akisema "nataka". Mji wenyewe una adabu hiyo: mtu akikualika chakula humkubalii mara ya kwanza, wala hukatai kwa mdomo wazi, unasema "ndiyo, tutaona," na kila mtu anajua kwamba huji. Lakini wengine huitumia adabu hiyo kama shati la sikukuu, wakifika nyumbani wanaivua. Pak Darmuji alilala nayo. Mkewe, marehemu Bu Kasmirah, alimsoma kwa jinsi anavyoweka glasi mezani. Akiiweka polepole, ana njaa. Akiiweka mbali na yeye, amechoka na anataka wageni waondoke. Waliishi hivyo zaidi ya miaka thelathini, bila mtoto, bila ugomvi, na bila maneno mengi. Alipofariki, Pak Darmuji aliendelea kuweka glasi mezani kwa namna zake zote, na hapakuwa na mtu wa kuzisoma.

Mwaka uliofuata uongozi wa Persikaw ulimwomba chumba kwa ajili ya mchezaji mmoja mgeni. Alisema ndiyo, tutaona. Kwa kweli alikuwa na maana ya hapana. Lakini siku tatu baadaye Oni alishushwa mlangoni pake na begi moja na gitaa, akamkumbatia palepale barabarani kama ndugu aliyepotea, na Pak Darmuji, aliyekuwa hajakumbatiwa na mwanamume tangu utotoni, alisimama mikono imenyooka kama askari.

Oni alikuwa mtu wa kusema. Wiki ya kwanza alisema, "Baba, huyu samaki ameharibika." Alikuwa ameharibika kweli, lakini Kaliwuni mtu angemla akashukuru. Alisema, "Baba, nimelia leo, nimemkumbuka mama." Alisema, "Baba, hiyo fulana imechakaa, itupe." Alipanda viazi vitamu nyuma ya nyumba bila kuomba ruhusa, na vilipokomaa akavichoma kwenye makaa akampelekea Pak Darmuji kiti nje, akamwambia, "Kaa hapa, kula." Naye akakaa, akala. Ilimshangaza jinsi ilivyokuwa rahisi, kuambiwa kaa na kukaa.

Polepole nyumba ikapata saa zake. Jumapili Pak Darmuji akitoka kuswali alfajiri hugonga mlango wa chumba cha nyuma. "Oni, kanisa," husema, na kwenda kumchemshia maji ya kuoga. Mwezi wa Ramadhani Oni ndiye aliyemwamsha kula daku, kwa gitaa na sauti nzito, mpaka majirani wakazoea kuamka kwa gitaa hilo. Jioni wote wawili hutazama taarifa ya habari, mmoja akipaka njumu zake mafuta, mwingine akiwa hafanyi lolote. Ukimuuliza Pak Darmuji angekwambia kwamba ana mpangaji. Hilo ndilo neno alilolitumia.

Jumatatu baada ya kushuka daraja alikwenda kununua sukari. Duka la Bu Tarni ni duka mbele na mgahawa wa kahawa ubavuni, na pale ndipo mji hukutana kubishana. Mabenchi yalijaa. Kila mtu alikuwa na kisosi mbele yake, mashapo ya kahawa yamechujwa maji kwa kipande cha gazeti na kukorogwa na tone la maziwa mpaka yakawa kama wino mzito. Kwa njiti ya meno walikuwa wakichora maua na mistari juu ya sigara zao, kama wachoraji wa batiki, kabla ya kuziweka zikauke na kuvutwa. Ni kazi ya taratibu. Huwezi kuifanya kwa hasira, ndiyo maana siku ile sigara nyingi zilikuwa zimepakwa madoa tu.

"Karatasi ni karatasi!" Kuncoro alikuwa akisema. Kuncoro ni fundi pikipiki, mpiga ngoma na kiongozi wa mashabiki, mtu mwenye shingo kama gogo. "Mkataba umebaki msimu mmoja. Alitia saini kwa mkono wake, hakuna aliyemshika mkono. Atabaki."

"Soma na kifungu cha chini, basi. Wewe unasoma cha juu tu," alisema Koh Siang, mwenye duka la rangi, mzee mwembamba wa ukoo wa Kichina ambaye baba yake na babu yake walizikwa kwenye kilima cha Kaliwuni. "Timu ikishuka, mchezaji ana ruhusa ya kuondoka bure, mradi aseme kabla ya tarehe kumi na tano."

"Nani alikubali kifungu cha kijinga hivyo?"

"Viongozi wako. Wale uliowabeba mabegani tulipopanda."

Benchi zima likacheka. Kuncoro naye akacheka kidogo, kisha akakumbuka kwamba ana hasira.

"Koh, wewe umezoea kuuza. Kwako kila kitu kina bei."

"Na wewe umezoea ngoma. Kwako kila kitu ni kelele."

"Bila Oni tutamchezesha nani mbele? Yule mrefu? Yule akipewa mpira anauliza njia!"

"Usimseme vibaya, juzi alifunga."

"Alipigwa na mpira mgongoni, ukaingia! Hata yeye aligeuka kuuliza nani kafunga!"

Mtu mmoja alikohoa kahawa ikamtoka puani. Koh Siang alisubiri kicheko kiishe, akaendelea kuchora ua lake.

"Ana miaka ishirini na tisa," alisema. "Miguu ya mchezaji ni kama barafu ya samaki. Kila saa inapungua, hata ukiifunika. Timu ya Kalimantan inamtaka, timu ya daraja la kwanza. Wewe unamtaka aje kucheza na sisi huko milimani, kwenye viwanja ambavyo lazima kwanza uombe mbuzi watoke golini. Ingekuwa ni mdogo wako, ungemwambia abaki?"

"Ningemwambia abaki."

"Mwongo."

"Ningemwambia! Mtu anakaa na watu wake wakati wa shida!"

"Nyinyi mnamgombania kama mahari," alisema Bu Tarni kutoka kwenye jiko lake, bila kugeuka. "Kuna hata mmoja aliyemuuliza mwenyewe?"

Ndipo Kuncoro alipomwona Pak Darmuji kaunta, mfuko wa sukari mkononi, akinyata kuondoka.

"Huyo hapo! Mzee wetu, njoo. Sogeeni, mpisheni mzee. Bu Tarni, kahawa moja kwa mzee, niandikie mimi." Wakamkalisha katikati. "Pak Dar, wewe ndiye baba yake hapa mjini. Neno lako kwake ni kubwa. Mwambie abaki. Msimu mmoja tu, tupande, halafu aende anakotaka na baraka zetu."

Pak Darmuji aliitazama kahawa. Aliona aibu, kwa sababu neno aliloombwa akaseme ndilo lilelile alilokuwa nalo moyoni tangu Jumamosi. Alitaka Oni abaki. Si kwa ajili ya Persikaw. Daraja la pili, daraja la tatu, kwake yalikuwa sawa. Alitaka mtu wa kumgongea mlango Jumapili.

"Ndiyo," alisema. "Tutaona."

Koh Siang aliinua macho kutoka kwenye sigara yake, akamtazama, akayarudisha.

Usiku ule hakusema kitu. Jumanne hakusema kitu. Jumatano jioni, taarifa ya habari ikiendelea, Oni alizima televisheni mwenyewe.

"Baba, nataka tuongee."

"Ongea, mwanangu."

"Watu wa Kalimantan wamepiga simu tena. Wanataka jibu wiki ijayo. Ni mkataba wa miaka miwili, pesa nzuri, sikatai. Lakini timu kubwa nimeshacheza, nikiwa kijana. Nilikaa benchi, nikakaa hotelini, nikala peke yangu. Hapa nina watu. Kuncoro ananiita ndugu. Sijui, Baba. Kichwa kinasema nenda, moyo unasema kaa." Alijisogeza mbele, mikono yake mikubwa magotini. "Baba unasemaje?"

Pak Darmuji aliona wazi njia ilivyokuwa fupi. Neno moja tu. Lakini tangu utotoni alikuwa amefundishwa kwamba kumwambia mtu kaa, wakati ana mahali pazuri pa kwenda, ni sawa na kuingiza mkono wako kwenye sahani yake. Oni ana mama Serui. Ana wadogo. Miguu inapungua kila saa. Na mzee mmoja mpweke amzuie, kwa nini? Ili asile peke yake?

"Wewe ndiye unayeyajua mambo yako," alisema. "Mimi nafuata."

"Hapana, Baba. Nakuuliza wewe."

"Usinifikirie mimi."

Oni aliegemea nyuma. Kisha akasema, "Haya," akawasha tena televisheni, na wote wawili wakatazama habari za bei ya pilipili.

Pak Darmuji hakupata usingizi mzuri. Alijua hakusema kitu, na alijua pia kwamba kuna namna ya kusema bila kusema, namna ya Kaliwuni, na ndiyo aliyoitegemea. Mgeni akiwa na mashaka kama aende au abaki, mwenyeji humfungia masurufu mapema, vyakula vizuri kuliko alivyozoea kumpa, na kuviweka mezani. Kwa nje ni kumpa ruhusa. Lakini kila mtu wa pwani ile anaijua ngoma inavyochezwa. Mgeni anayetaka kukaa hulifungua lile fungu palepale, akaonja, akasema, "Mwe, nitaachaje jiko la namna hii?" na safari ikafa bila mtu kuzuiwa wala kuomba. Bu Kasmirah mwenyewe aliletwa kwao kwa njia hiyo. Alikuja kumtembelea shangazi yake jirani, akafungiwa masurufu na mama yake Darmuji, akayala yote kizingitini.

Kwa hiyo asubuhi alikwenda sokoni. Alinunua samaki wakavu wa kuchagua mmoja mmoja, siyo wale wa fungu. Alinunua uduvi wa kusagwa. Akaenda hadi kwa mwanamke wa upande wa pili wa daraja anayetengeneza dumbeg, vibumunda vya unga wa mchele na sukari ya mnazi, vilivyoviringwa katika majani kama pembe ndogo, akasubiri vitoke kwenye mvuke. Nyumbani alivifunga kwa jani la mgomba na kamba, fundo zuri, akaviweka katikati ya meza. Kisha akaketi jikoni, mlango wazi, aweze kusikia fundo likifunguliwa.

Oni alirudi kutoka kukimbia. Alisimama mbele ya meza.

"Nini hii, Baba?"

"Kidogo tu. Vya njiani. Kama utasafiri."

Pak Darmuji alikaza macho kwenye birika. Fungua, alisema moyoni. Fungua, onja.

"Aa," alisema Oni. Alilishika fungu kwa mikono miwili, kwa uangalifu, kama mtu aliyepewa kitu kinachovunjika. "Asante, Baba. Asante sana. Baba umenirahisishia." Akalibeba kwenda chumbani. Baada ya muda zipu ya begi ikasikika, na baada ya zipu, sauti yake kwenye simu, ikisema ndiyo, ndiyo bwana, naweza kuja.

Pak Darmuji angeweza kuinuka. Kutoka jikoni hadi chumba cha nyuma ni hatua chache. Alibaki amekaa mpaka birika likakauka maji na kuanza kunuka.

Siku zilizobaki zilipita kwa adabu. Oni alizunguka mjini kuaga, akarudisha vitu alivyoazima, akawachimbia majirani viazi vilivyobaki. Ijumaa ya tarehe kumi na nne, baada ya swala ya mchana, basi la Surabaya lilisimama mbele ya duka la Bu Tarni. Oni alimkumbatia Pak Darmuji kama siku ya kwanza. Safari hii mikono ya mzee iliinuka, ikafika mgongoni mwa Oni, lakini kwa kuchelewa, na Oni alikuwa ameshaanza kuachia.

"Baba, kula vizuri."

"Ndiyo," alisema Pak Darmuji. "Nenda salama."

Jioni, manyunyu yalipokatika, alirudi pale dukani. Hakuhitaji sukari. Nyumba ilikuwa kimya naye hakuwa amejipanga kwa kimya hicho. Alikuta mabenchi yamejaa na Kuncoro amesimama, ndoo ya chokaa miguuni. Msimu uliopita mashabiki walikuwa wamemchora Oni kwenye ukuta wa duka la Koh Siang, upande wa barabara, mikono imenyooshwa, urefu wa mtu na nusu.

"Leo hii hii inafutika," Kuncoro alisema. "Msaliti hawezi kututazama kila asubuhi tukienda kazini."

"Ukuta ni wangu," alisema Koh Siang.

"Ukuta wako, rangi tulinunua sisi!"

"Kwangu. Na hamjamaliza kulipa."

Wachache walicheka, lakini kwa chini. Bu Tarni aliweka kahawa mbele ya Pak Darmuji na kuinama kidogo.

"Pak Dar," alisema kwa sauti ya kumfikia yeye tu, "naomba nikuulize, usikasirike. Mlikosana na yule kijana?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Alikuja kuniaga jana. Alikaa hapo ulipokaa. Akasema, 'Mama, nilikuwa nimeshaamua kubaki. Nilisubiri Baba aniambie neno moja tu. Nilimuuliza mara mbili. Kesho yake nikamkuta amenifungia chakula cha safari.' Akasema, 'Nadhani mzee amechoka na mgeni, ila ni mpole, hawezi kunifukuza.' Nikamwambia sivyo hivyo, huku kwetu mambo ni hivi na hivi. Akasema ameshatia saini asubuhi ile."

Pak Darmuji aliuweka mkono juu ya glasi. Ilikuwa ya moto sana, hakuuondoa. Kwa mara ya kwanza alimwona Oni jinsi alivyokuwa mbele ya ile meza: mtu mzima wa Serui, ambako watu husema wazi, anapewa fungu lenye fundo zuri na mtu anayemwita baba.

Nyuma yake Kuncoro alikuwa akikoroga chokaa kwa fimbo. "Tumempa jina, tumempa chakula, tumempa mji mzima! Halafu tunaanguka siku moja, anatupa kisogo!"

Pak Darmuji alisimama. Watu walidhani anaondoka, wakampisha.

"Usifute," alisema.

"Mzee, kaa, hili si lako."

"Ni langu. Alitaka kubaki." Sauti ilimtoka ndogo, ikabidi waache kuzungumza ili waisikie. "Aliniuliza. Ulinituma nimwambie abaki, Kuncoro, sikumwambia. Nilimfungia masurufu."

Kuncoro alimtazama bila kuelewa. "Masurufu gani?"

"Samaki. Na dumbeg."

Mtu mmoja alicheka kwa nguvu, akidhani ni mzaha wa mzee. "Dumbeg? Tumempoteza mshambuliaji kwa dumbeg?"

"Nilidhani atavifungua avile palepale," alisema Pak Darmuji.

Hapo wakaelewa wote mara moja, kwa sababu hapakuwa na hata mmoja ambaye mama yake hakuwahi kuicheza ngoma hiyo, na kicheko kikafa. Koh Siang aliweka chini njiti yake. Fimbo ya Kuncoro ilidondosha chokaa kwenye viatu vyake.

"Mtu wa Papua," alisema hatimaye. "Mtu wa Papua, mzee, unamfungia masurufu? Yule aliyeniambia mbele ya mke wangu kwamba napiga ngoma nje ya mdundo? Yule haelewi hata ukimkonyeza!" Alitupa fimbo. "Ungefungua mdomo tu. Neno moja. Ulimtaka aende?"

"Hapana."

"Ulitaka nini?"

Palikuwa na watu kama ishirini pale, wote waliomfahamu tangu enzi za ghala la chumvi. "Nilitaka abaki," alisema Pak Darmuji. "Nilitaka abaki nyumbani kwangu."

Hakuna aliyejua pa kuangalia. Wengine walitazama visosi vyao. Neno kama lile halisemwi pale, na mtu mzima akilisema ni kama amevua shati. Kuncoro aliinua ndoo, akaimwaga mtaroni, akapanda pikipiki yake na kuondoka bila kuaga. Wengine wakafuata mmoja mmoja, kila mmoja akisema ana kazi kidogo nyumbani. Koh Siang alibaki kwa muda, akamaliza kuvuta sigara yake, akagusa bega la Pak Darmuji kwa vidole viwili, akaenda kufunga duka.

Jumamosi asubuhi anga lilikuwa limesafishika. Pak Darmuji alitoa godoro la chumba cha nyuma, akaliegemeza kwenye ua jua lilipe joto, akaanza kulipiga kwa fagio. Vumbi likapaa. Kuncoro alipita na pikipiki akielekea gereji. Alimwona, akageuza uso, akapunguza mwendo kwa sababu ya dimbwi, akalivuka.

"Kuncoro!"

Pak Darmuji hakuwahi kumwita mtu barabarani kwa sauti. Jirani alitoa kichwa dirishani. Kuncoro alisimama, mguu mmoja chini, injini ikinguruma.

"Ingia unywe kahawa," alisema Pak Darmuji. "Nataka uingie."

Kuncoro alimtazama yeye, akalitazama godoro. Shingo yake nene ilikuwa imeiva kwa jua au kwa jambo jingine.

"Nina kazi, mzee."

"Najua. Njoo jioni, basi. Nitapika. Nakuomba uje."

"Ndiyo," alisema Kuncoro. "Tutaona."

Akatia gia, akaenda. Pak Darmuji alisimama na fagio mkononi mpaka mlio wa pikipiki ulipomezwa na milio mingine ya barabara. Kisha akaligeuza godoro upande wa pili, akaendelea kulipiga, na alipomaliza akachukua kikapu akaenda sokoni kununua samaki wa watu wawili.